Stempu ya Uganda, Muhuri wa Ravine: Jibu kwa Msomaji wa Kisumu

Msomaji mmoja wa Kisumu ameniandikia hivi: "Mwalimu, pokea salamu zetu. Babu yangu mzaa baba alikuwa karani wa reli, na juzi tulipobomoa nyumba yake ya zamani tulipata mkebe wa biskuti uliojaa stempu na karatasi. Kuna stempu saba zenye picha ya jua na taji, ambazo hazijatumika. Kuna moja ya Malkia Victoria iliyoandikwa UGANDA, yenye muhuri uliofifia ambao herufi zake za mwisho ni VINE, na chini yake tarakimu 99. Kuna nyekundu za mfalme zilizopigwa chapa ya '4 cents', chache zenye herufi G.E.A., moja ya rupia tano yenye muhuri wa zambarau wenye umbo la yai, na bahasha tatu ambazo stempu zake bado zimebandikwa, ila zimebanduka kidogo tu pembeni. Dalali mmoja ametushauri tuzibandue zote, tuzioshe zing'ae, kisha atanunua kwa jumla. Nitajuaje ni za miaka gani, ni halali au ni bandia? Na babu alipataje stempu ya Uganda ilhali hakuwahi kuvuka mpaka?"

Dada, nianze na ushauri wa dalali kwa sababu hilo haliwezi kungoja: usibandue stempu hata moja, na usiloweke chochote majini. Kampuni ya De La Rue ya London, iliyochapa stempu za Mfalme Edward wa Saba na za Mfalme George wa Tano kwa ajili ya nchi zetu, ilitumia wino wa zambarau na wa kijani uliotengenezwa kwa makusudi uchujuke ukiguswa na maji, ili mtu asiweze kuosha muhuri wa posta na kuitumia stempu mara ya pili. Chukua stempu ya senti 12 ya Mfalme Edward, iliyochapwa kwa zambarau mbili, moja iliyofifia na nyingine iliyokoza. Ikilowa, zambarau inageuka kijivu, na ukiitazama kwa lenzi utakuta vile vistari vyembamba vilivyochora shavu na ndevu za mfalme vimeungana na kuwa doa moja. Hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa. Isitoshe, bahasha nzima ina habari ambazo stempu peke yake haina: tarehe, njia barua iliyopitia, ada iliyolipwa, muhuri wa kituo ilikotoka, na mara nyingi nyuma yake muhuri wa kituo ilikofikia. Dalali anayekuambia uoshe, ama hajui kazi yake, ama anaijua vizuri sana na anataka vitu vyako vionekane vya kawaida.

Sasa nije kwa babu na mpaka, swali ambalo ndilo lililonifanya nirefushe jibu hili. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda ulienea kutoka upande wa Busoga ukashuka hadi Naivasha. Kisumu, Mumias, Eldama Ravine na Nakuru, kwa hesabu za serikali ya wakati ule, zote zilikuwa Uganda, na zilibaki hivyo hadi tarehe 1 Aprili 1902, mkoa huo ulipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki ambayo baadaye ikawa Kenya. Kwa hiyo mtu aliyetuma barua kutoka mahali ambapo leo ni magharibi mwa Kenya, au hata kutoka Bonde la Ufa, kabla ya tarehe hiyo, alitakiwa kubandika stempu ya Uganda, na wala hakuwa amevuka kokote. Huenda babu yako aliipata stempu hiyo miaka mingi baadaye katika mafaili ya zamani, kwani makarani walikuwa na nafasi ya kuona karatasi ambazo wengine walizitupa.

Jina linaloishia na VINE katika sehemu hizo ni Eldama Ravine, kituo cha serikali juu ya bonde, kaskazini-magharibi mwa Nakuru, ambacho misafara ya kwenda ziwani ilipitia. Na tarakimu 99, ikiwa umeisoma sawasawa, inafanya stempu hiyo ipendeze zaidi, kwa sababu mwaka 1899 reli ilikuwa imefika Nairobi tu. Ilifika Nakuru mwaka 1900, na ukingo wa ziwa tarehe 20 Desemba 1901. Barua iliyogongwa muhuri Ravine mwaka 1899 ilibebwa na tarishi kwa miguu sehemu kubwa ya safari yake.

Kabla hujafurahi, fanya jaribio moja ambalo halihitaji kifaa chochote isipokuwa lenzi na mwanga wa dirishani. Tazama neno UGANDA limekaaje. Kama ni sehemu ya mchoro wenyewe, kwa rangi ileile ya stempu, basi unayo stempu ya toleo la 1898 lililochapwa na De La Rue, lenye thamani za kuanzia ana moja (ana ilikuwa fedha ya wakati ule, sehemu ndogo ya rupia), na muhuri wa 1899 unaingiana nalo vizuri. Lakini kama stempu yenyewe ni ya British East Africa na neno UGANDA limechapwa juu yake kwa wino mwingine, hilo ni toleo la 1902, lililokuwa na thamani mbili tu, nusu ana ya kijani na ana mbili na nusu ya buluu. Stempu ya 1902 haiwezi kugongwa muhuri mwaka 1899. Ikiwa ndivyo ilivyo, ama umesoma tarakimu vibaya, ama mtu amecheza na muhuri. Ulinganifu wa namna hii, kuuliza kama stempu ilikuwa imezaliwa siku muhuri ulipogongwa, umeshafichua bandia nyingi kuliko mashine yoyote, na ndiyo sababu nawaambia wanaoanza wasome muhuri kabla ya kuitazama picha.

Kuna jambo la pili la kuangalia kwenye stempu yoyote yenye chapa ya juu, yaani maneno au thamani iliyoongezwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa. Chapa ya juu iliwekwa kabla stempu haijauzwa, na muhuri uligongwa baadaye. Kwa hiyo mahali ambapo wino wa muhuri unakutana na wino wa chapa, muhuri ndio unaopaswa kulala juu. Inamisha stempu pole pole kwenye mwanga wa pembeni. Ukiona herufi za chapa zimeukata mstari wa muhuri na kupita juu yake, mtu ameichukua stempu ya bei rahisi iliyokwisha kutumika akaipiga chapa nyumbani kwake.

Usitarajie kukuta mkebeni zile stempu za kwanza kabisa za Uganda. Hizo zilipigwa kwa taipureta huko Mengo mwaka 1895 na mmisionari Ernest Millar, kwenye karatasi nyembamba, zikiwa na herufi U na G na thamani iliyohesabiwa kwa kauri, kauri 200 kwa rupia moja. Mwaka uliofuata mmisionari mwingine, Rowling, akazipanga nyingine kwa herufi za matbaa. Kitu kilichopigwa kwa taipureta kinaigwa na mtu yeyote mwenye taipureta, kwa hiyo akikujia mtu nayo, msikilize kwa adabu, mpe chai, na usinunue.

Zile saba za jua na taji ni za Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati na Malkia mwaka 1888 na kuendesha nchi hii kibiashara kutoka Mombasa hadi mwaka 1895. Stempu zake za mwanzo, za Mei 1890, zilikuwa stempu za kawaida za Uingereza zilizopigwa chapa ya jina la Kampuni na thamani za nusu ana, ana moja na ana nne. Hizo ni adimu na zimeigwa sana. Hizi zako za jua zilifuata mwaka huohuo. Nikwambie ukweli usiokuwa mtamu: zikiwa hazijatumika, nyingi kati yake ni za bei ya chini, kwa kuwa akiba iliyobaki Kampuni ilipoondoka iliuzwa kwa wafanyabiashara wa stempu na kusambaa duniani kote. Iliyotumika kwenye barua halisi ndiyo ya kutafutwa.

Hata hivyo zipitie moja moja, mbele na nyuma. Kwanza, tafuta maneno BRITISH EAST AFRICA yaliyogongwa kwa muhuri wa mkono katika mistari mitatu. Serikali ya Uingereza ilipochukua nchi kutoka kwa Kampuni tarehe 1 Julai 1895 haikuwa na stempu zake, ikagonga za Kampuni, na kwa kuwa kazi ilifanywa kwa mkono, nyingine ziligongwa mara mbili. Pili, na hili watu wengi hulipita, angalia kama kuna yoyote iliyoandikwa kwa kalamu. Mwaka 1891 stempu za thamani ndogo zilikwisha Mombasa, na maofisa wakalazimika kubadilisha thamani ya stempu kubwa kwa muhuri wa mkono au kwa kalamu na wino, kisha wakatia herufi za kwanza za majina yao: A.D. kwa Andrew Dick, A.B. kwa Archibald Brown. Mtu asiyejua ataona mchoro wa mtoto aliyekuwa akichezea kalamu, na pengine atajaribu kuufuta. Ukiona wino wa kalamu na herufi hizo, iweke peke yake katika bahasha safi na usiionyeshe dalali.

Pembezoni napo pana maneno. Stempu hizo zilitobolewa matundu, na baadhi zilitolewa bila matundu. Wajanja huchukua ile yenye matundu wakaikata meno kwa mkasi ili ionekane kuwa ya aina ya pili. Isiyotobolewa iliyo halali huwa na nafasi nyeupe ya kutosha pande zote nne, na inaaminika zaidi ikiwa imeshikana na mwenzake.

Pengine mkebeni mna pia stempu za Bara Hindi zenye chapa ya British East Africa, ambazo zilianza kutumika baadaye mwaka 1895. Chapa hiyo ilipigwa Unguja, kwenye matbaa ya gazeti la serikali, na wapanga herufi hawakuwa makini. Ziko zilizoandikwa "Britlsh", herufi ya L ikiwa imekaa mahali pa I. Kosa kama hilo huongeza thamani, na pia huvutia waigaji.

Kuhusu miaka kwa jumla, fedha ndiyo itakayokuongoza upesi zaidi. Stempu iliyoandikwa ana, ambapo ana 16 ni rupia moja, ni ya kabla ya mabadiliko ya 1907. Stempu za Mfalme Edward za mwaka 1903, zenye jina la Himaya za Afrika Mashariki na Uganda pamoja, zilikuwa za ana. Kuanzia 1907 mchoro uleule ukaja kwa senti, 100 kwa rupia. Mwaka 1912 kichwa cha Mfalme George kikachukua nafasi. Shilingi ziliingia kwenye stempu mwaka 1922, na jina likawa Kenya na Uganda. Mwaka 1935 Tanganyika ikaunganishwa nazo, na hapo ndipo tulipopata jahazi la Ziwa Victoria kwenye stempu. Ukikuta lile jahazi, tazama kamba ya kushoto kama imegusa tanga au imeishia hewani, kwa maana ziko za aina zote mbili na bei zake hazilingani.

Ndani ya vipindi hivyo, karatasi ndiyo inayotenganisha matoleo. Ilaze stempu kifudifudi juu ya kigae cheusi, na utaona alama ya maji, yaani alama iliyofichwa ndani ya karatasi yenyewe: taji moja na herufi CA kwa zile za 1903, mataji madogo yanayojirudia pamoja na herufi hizohizo kwa zilizoanza mwaka 1904, na herufi za mwandiko wa mkono kuanzia 1921. Isipoonekana, tone dogo la benzini husaidia, lakini fanyia kazi hiyo nje ya nyumba, mbali na jiko, na si kwa mara ya kwanza kwenye stempu ya Ravine.

Nyekundu zenye "4 cents" ni za senti sita za Mfalme George zilizopunguzwa thamani mwaka 1919. Ni za kawaida kabisa. Chunguza tu kama chapa imepinduka juu chini, imepigwa mara mbili, au imekosa mistari inayoifuta thamani ya zamani. Mojawapo ya hayo ikiwepo, mambo yanabadilika. Za G.E.A. ni za vita. Herufi hizo zinasimamia Afrika Mashariki ya Kijerumani, na stempu zetu zilipigwa chapa hiyo kuanzia 1917 ili zitumike katika nchi iliyotekwa, hadi Tanganyika ilipopata stempu zake za twiga mwaka 1922. Wanaume wengi wa Nyanza na wa upande wa Kakamega walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika vita hivyo, hivyo si ajabu stempu kama hizo kukutwa katika nyumba za huku. Waulize wazee wa ukoo wenu kama kuna aliyekwenda Kariakor, yaani kwenye kikosi hicho cha wapagazi. Jibu lao liandike na uliweke pamoja na stempu, hata kama haliongezi shilingi.

Ile ya rupia tano naogopa itakuvunja moyo. Stempu za thamani kubwa hazikutumika posta peke yake, zilibandikwa pia kwenye mikataba, stakabadhi na hati za mahakama kama ushuru wa serikali, na huko hazikugongwa muhuri wa posta wenye jina la kituo na tarehe ndani ya duara. Ziligongwa muhuri wa mpira wa ofisi, mara nyingi wa zambarau, au zikatiwa sahihi kwa kalamu. Muhuri wako wa umbo la yai unaelekea huko, na stempu ya ushuru ina thamani ndogo sana ikilinganishwa na iliyolipia barua. Kwa sababu ya tofauti hiyo ya bei, kuna wanaofuta wino wa ushuru kwa dawa na kugonga muhuri wa posta wa uongo. Dalili zake huonekana kwa lenzi: karatasi iliyokwaruzika, rangi ya mfalme iliyopauka upande mmoja, na mabaki ya zambarau yaliyojificha katikati ya nyuzi za karatasi nyuma ya stempu. Yako iache na muhuri wake halali.

Bahasha tatu sijaziona, lakini nakuomba usome majina ya vituo kwa makini, kwa kuwa majina ya upande wetu yamebadilika. Kisumu iliitwa Port Florence reli ilipofika. Eldoret, kabla ya kupewa jina hilo mwaka 1912, ilijulikana kwa nambari tu, 64. Webuye ilikuwa Broderick Falls, na Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls. Muhuri wa kituo kidogo kilichopitisha barua chache unaweza kuipandisha bahasha yenye stempu ya kawaida kabisa, wakati stempu ileile ikiwa na muhuri wa Nairobi au Mombasa haishangazi mtu.

Kisumu kuna jambo ambalo sisi wa Nakuru halitusumbui sana. Hewa ya ziwani ina unyevu, gundi ya zile saba italainika na kushika chochote kilicho karibu, na ukungu utaacha madoa ya kahawia. Zitoe kwenye mkebe leo. Zitenganishe kwa karatasi laini isiyo na nta, zishike kwa kibano wala si kwa vidole, weka kando yake vile vipakiti vya chembechembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya, na usikaribishe gundi ya karatasi wala selotepu.

Ukitaka kuona stempu nzuri za Afrika Mashariki kabla ya kuamua lolote, ukifika Nairobi ingia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ambako mkusanyiko wa marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, una stempu pia. Kwa ile ya Ravine, na nyingine yoyote yenye wino wa kalamu, hati ya wakaguzi kama wale wa Royal Philatelic Society ya London ndiyo itakayokupa nguvu mbele ya mnunuzi. Ada yao si ndogo, kwa hiyo usiwapelekee za senti sita.

Nitumie picha za mbele na nyuma, moja moja, karibu na rula, bila mmweko wa simu, ukianza na ya Ravine, kisha bahasha tatu. Dalali akirudi, mwambie za "4 cents" anaweza kuzinunua zote kwa pamoja ukishazipitia, na hizo nyingine haziuzwi kwa jumla.